Kioo cha Chooni

Kitambaa kilikuwapo. Kilikuwa kimekunjwa mara nne na kuwekwa juu ya kopo la misumari, kwa adabu, kama nguo ya mgeni. Kioo chenyewe ndicho hakikuwapo.

Kidevu Juu aliingiza mkono nyuma ya mlango hadi begani, akapapasa ukuta, akaambulia utando wa buibui. Akavikagua vioo vingine vilivyoegeshwa kwenye fremu ya mbao, akivisogeza kimoja kimoja kwa ncha za vidole. Vyote vilikuwa vipya, vyembamba, vimenyooka.

"Fundi," alimwita mume wake. "Kioo changu kiko wapi?"

Fundi alikuwa ameinama juu ya meza, penseli sikioni, anapima. Hakuinua kichwa. "Kioo chako kipi?"

"Cha nyuma ya mlango. Kilichofunikwa."

"Aa, kile kizee." Alichora mstari, akaupuliza vumbi. "Nimekitumia juzi. Mama Funguo alitaka kioo cha dirisha la choo, kisichomwonyesha mtu, na vile vya ukungu vimeniishia. Kimekaa vizuri kweli. Hata kipande kilichobaki kilikuwa kidogo."

"Ulikikata."

"Sasa kingeingiaje bila kukatwa, mke wangu?"

Kidevu Juu alibaki amesimama pale pale, utando wa buibui mkononi, kitambaa kimekunjwa mbele yake.

Chumba chao cha kazi kilikuwa kimoja na riziki zilikuwa mbili. Nyuma, kwenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, mume alikata vioo vya madirisha na makabati. Mbele, karibu na barabara, mke alikuwa na shuka jeupe, kigoda na taa mbili, na hapo alipiga picha za pasipoti, leseni na vitambulisho. Jina lake halisi wengi walishalisahau. Kila aliyekaa kwenye kigoda kile aliambiwa maneno yale yale, "Kidevu juu, mdomo ufungwe, usicheke," na kwa kuwa mji haukosi watundu, maneno yake yakamrudia yakiwa jina.

Ilikuwa kazi ya kunyoosha watu. Masikio yote mawili yaonekane, mabega yalingane, kivuli kisiwepo. Nusu ya mji ilikuwa imepita pale ikaondoka imenyooka. Hakuichukia kazi hiyo. Ndiyo iliyosomesha watoto. Lakini anayekula chakula kisicho na chumvi kila siku, ipo siku ataanza kuutafuta mkebe wa chumvi kwa macho.

Yeye aliutafuta Jumapili jioni. Alipanda hadi kona ya barabara ambapo bonde lote huonekana chini: mto, matanuri ya matofali, nguzo kubwa za umeme, na ng'ambo yake mlima wenye doa jeupe mahali wanapochimba mawe. Mwanzoni alilipiga picha kama lilivyo, na picha zikatoka kama za kalenda. Hazikumwambia kitu. Basi akaanza utundu. Alipaka mafuta ya mgando kwenye kioo kikuukuu cha kufunika lenzi, mlima ukalainika pembeni. Alifunga mfuko wa nailoni mbele ya kamera. Aliishusha kamera taratibu ikiwa bado imefumbua jicho, na miti ikatoka imechanwa kwenda chini, kama nywele zilizolowa. Nyingi zilikuwa takataka, akazifuta bila huruma.

Kisha akakipata kioo. Nyumba moja kuukuu ilikuwa inabomolewa na vibarua walikuwa wameshainua nyundo. Kilikuwa kioo cha zamani, kizito kuliko sura yake, chenye viwimbi ndani na povu dogo lililoganda pembeni, la ukubwa wa punje ya harage. Ukikishika mbele ya kamera na kukiinamisha, bonde lilianza kutembea. Nguzo za umeme zililegea magoti. Mto ulipanda mlima. Na Kidevu Juu, aliyekuwa amelitazama bonde lile tangu utotoni hadi akaacha kuliona, aliliona tena. Furaha yake ilikuwa hiyo tu, na ilimtosha.

Fundi alilifanya jambo hilo kuwa la kuchekesha wateja. "Mimi nalipwa kunyoosha," alikuwa akisema, "mwenzangu anapinda bure. Hapo tutafika?" Wateja walicheka, naye mke alicheka nao, ila yeye aliacha mapema. Si kwamba Fundi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa rula.

Halafu ikaja bahati. Msimamizi wa maktaba alikuja kupigwa picha ya kitambulisho, akaona picha moja ya bonde imebandikwa kando ya taa, akaitazama mpaka akasahau kufunga mdomo. Siku chache baadaye alirudi na neno: ukuta mzima wa ukumbi wa kusomea, picha tano, bonde moja, kioo kimoja. Ukumbi ungefunguliwa mwisho wa wiki. Picha nne zilikuwa tayari zimechapwa. Ya tano, ile ya katikati, alikuwa akiisubiria mvua, kwa sababu alilitaka bonde likiwa linafuka mvuke baada ya kulowa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi hiyo ndiyo aliyokuwa akiingoja, na kioo kilikuwa chooni kwa watu.

"Fundi," alisema, na sauti yake haikupanda. "Miaka yote hii unanipita pale kwenye kona nimekishika kioo kile mbele ya kamera. Unanipita ukienda, unanipita ukirudi. Hukukiona?"

Sasa Fundi aliinua kichwa. Alifikiri kwanza, kwa maana si mtu wa kusema uongo.

"Nilikiona," alisema. "Niliona kioo."

Laiti angesema amesahau. Laiti angesema alikuwa na haraka. Lakini alisema kweli, na kweli hiyo ilimwingia mke wake pabaya. Alihisi hasira, ndiyo, lakini zaidi alihisi aibu, aibu ya mtu anayegundua kwamba kwa muda mrefu amekuwa akizungumza peke yake ndani ya nyumba ya watu wawili.

Kabla hajajibu, mteja aliingia, dereva wa lori aliyetaka picha ya leseni. Kidevu Juu alimkalisha, akawasha taa.

"Kidevu juu. Mdomo ufungwe."

"Mama," dereva alisema, "leo unanitazama kama nimekuibia kuku."

"Usicheke."

Picha ilitoka imeinama. Bega la kushoto lilikuwa juu ya la kulia kwa kidole kizima. Akapiga nyingine, nayo ikainama. Ya tatu ndiyo iliyokubalika, na dereva akaenda zake akiigeuzageuza. Kwenye meza ya nyuma sauti ya kukata ilikuwa imekoma. Fundi hakuwahi kumwona mke wake akirudia picha ya leseni.

Kidevu Juu alizima taa, akaichukua kamera yake, akaivaa shingoni.

"Unakwenda wapi?" Fundi aliuliza.

"Chooni," alijibu, akatoka.

Nyumba ya Mama Funguo ilikuwa juu ya mteremko, safu mbili za vyumba vya kupanga zilizotazamana, na choo mwishoni, ukingoni kabisa, mahali ambapo ardhi huanza kushuka kuelekea bondeni. Mama Funguo alipata jina lake kwa shada la funguo alilolifunga kiunoni, na watu walisema hata usingizini halivui. Alikuwa uani, anasimamia usafi ambao wengine walikuwa wanaufanya.

Kidevu Juu alisalimia, akaulizwa hali ya nyumbani, akajibu, kisha akasema shida yake. Alianza na kuomba kubadilishiwa.

"Fundi atakuletea kingine. Kipya, cha ukungu, bila malipo."

"Kipya cha nini?" Mama Funguo alishangaa. "Hiki ndicho kioo cha kwanza kunipa amani. Kile cha zamani wapangaji walikuwa wanakiziba kwa gazeti, choo giza mchana kweupe. Sasa mwanga unaingia na mtu haonekani. Hapana, mwanangu. Mimi nikipata kizuri siachii."

"Basi niruhusu nipige picha kupitia hapo. Picha moja. Nipo ndani kidogo tu, nikitoka nimetoka."

Ufagio mmoja ulisimama, kisha na wa pili. Msichana mmoja aliyekuwa anafua aliinua macho kutoka kwenye beseni.

"Kamera?" alisema. "Chooni?"

"Ninapiga nje. Bonde."

"Hata kama. Kamera ikishaingia humo, nitajuaje imetoka na nini? Mama Funguo, mimi hapana. Mimi nitahama."

"Na mimi," mwingine aliitikia kutoka chumbani, ambaye hata hakuwa amesikia vizuri ni kitu gani.

Neno lilikimbia vyumba vyote upesi kuliko moto wa nyasi. Kabla halijafika safu ya pili, Kidevu Juu alikuwa ameshataka kufunga kamera ndani ya choo cha wasichana. Walitokea milangoni na khanga vifuani, wakamkata macho. Aliwajua karibu wote. Alikuwa amewapiga picha za vitambulisho, akiwawekea nywele nyuma ya masikio kwa mikono yake mwenyewe. Akataka kueleza habari za viwimbi na mvuke na ukuta wa maktaba, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia yeye mwenyewe jinsi inavyosikika. Mtu mzima, kamera shingoni, anaomba dirisha la choo.

Mama Funguo hakuwa mkali. Hilo ndilo lililokuwa gumu. "Nakuheshimu," alisema kwa upole. "Picha ya marehemu mume wangu iliyopo ukutani ni ya kwako. Lakini hawa ni mabinti wa watu. Leo nikikuruhusu wewe, kesho nitamkataza nani?"

Mama Funguo alikuwa na haki. Kidevu Juu aliketi kwenye jiwe la kufulia. Chini, bonde lilikuwa linafuka vile vile alivyolitaka, mvuke umelala juu ya matanuri, na jua lilikuwa linaupunguza. Bado kitambo kidogo lingekuwa bonde la siku zote. Aliona ule ukuta wa maktaba, picha mbili huku, mbili kule, na katikati pengo. Akafa moyo kabisa.

Ndipo Fundi alipoingia uani na ngazi begani.

Alikuwa amefunga kazi asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya homa. Aliegesha ngazi ukutani, akafuta mikono kwenye suruali, akasalimia watu wote, wakubwa kwa wadogo. Kisha akasimama katikati kama mtu anayetaka kuuza kitu.

"Mama Funguo," alisema, "nimekuja kusema jambo, na hawa wasikie. Kioo nilichokuuzia hakikuwa changu. Kilikuwa cha mke wangu. Cha kazi yake. Kilikuwa kimefunikwa kitambaa, nikakifunua, nikakikata, sikumuuliza."

Watu walitazamana. Fundi alijulikana kwa sifa moja tu aliyojipa, kwamba tangu ashike kikatio hajawahi kukata vibaya, na majisifu hayo kila mwenye dirisha alikuwa ameshayasikia.

"Umekosea kukata?" Mama Funguo aliuliza, kama vile hakuamini bahati yake.

"Vipimo viko sawa," alisema Fundi. "Mimi ndiye niliyekosea."

Alikwenda kwenye dirisha la choo, akaibonyeza pati iliyoshikilia kioo kwa ukucha pande zote nne. Akatikisa kichwa. Imeshashika, alisema, na kioo cha umri ule ukikitoa kwa nguvu kitatoka vipande. Kwa hiyo kitabaki kilipo. "Ninachoomba ni hivi. Mlango ubaki wazi. Wewe, Mama Funguo, uingie naye. Kila picha atakayopiga hawa mabinti waione hapo hapo, wasiyoipenda ifutwe. Mimi nitakuwa nje, upande wa bondeni, juu ya ngazi, mnione."

"Na sisi tushike kamera wenyewe," alisema yule msichana wa beseni.

"Mtaishika," alijibu Kidevu Juu, akainuka kwenye jiwe.

Mama Funguo alihamisha macho kutoka kwa mume hadi kwa mke. Labda aliona haya, labda alichoka, au labda alitaka tu kujua mwisho wa kisa hiki. "Haya," alisema. "Ila upesi. Watu wana matumbo."

Ndani, Kidevu Juu alipindua ndoo, akapanda juu yake, uso ukalingana na dirisha. Kitu cha kwanza alichokitafuta kilikuwa lile povu dogo. Halikuwapo.

"Fundi," aliita. "Pembe yenye povu iko wapi?"

"Niliitupa kwenye pipa. Imevunjika."

Alifumba macho. Ilimuuma kama kupoteza jino. Maji yakishamwagika hayazoleki, alijiambia, akainua kamera. Lakini bonde lilikuwa limelala. Viwimbi vilikuwapo, mlima ulikuwa umetetemeka kidogo ukingoni, basi, zaidi ya hapo hakuna. Alipiga moja, akaitazama. Ilikuwa picha ya mtu asiyeona vizuri.

"Hakichezi," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Mimi nilikuwa nakiinamisha."

"Kiasi gani?" Fundi aliuliza.

Kidevu Juu aliishusha kamera. Alijaribu kukumbuka kama mume wake aliwahi kumuuliza swali lolote juu ya bonde lile. Hakukumbuka.

"Mara nyingine kidogo," alijibu. "Mara nyingine mpaka karibu kilale. Inategemea mwanga unatoka wapi."

"Dirisha lina bawaba juu," alisema Fundi. "Nililifunga mimi. Toa komeo."

Alitoa komeo. Ngazi ililia, vidole vikatokea chini ya fremu, na dirisha likaanza kuinuka kwenda nje, taratibu, bonde likiwa ndani yake.

"Pandisha," alisema. "Zaidi. Hapana, rudisha kidogo. Kushoto."

"Dirisha haliendi kushoto, mke wangu."

"Basi nitakwenda mimi." Alisogea ukingoni mwa ndoo, na Mama Funguo akamdaka kiuno kwa mikono miwili, funguo zikalia.

"Usiniangukie! Hapa pana shimo, na mimi sikuvuti."

"Pandisha tena, Fundi. Polepole."

Bonde likaamka. Nguzo za umeme zililegea, moja baada ya nyingine. Mto ulijikunja ukaanza kupanda, na doa jeupe la mlimani likamiminika upande kama maziwa yaliyochemka. Mvuke uliobaki ulijivuta kati ya matanuri. Mama Funguo, aliyekuwa akichungulia kupitia kwapani mwa Kidevu Juu, alisogeza kichwa mbele. Mlangoni mabinti nao walikuwa wamesogea, na yule wa beseni alikuwa amesahau kuomba kamera.

"Lo," alisema Mama Funguo mwishowe. "Juzi nilidhani ni macho yangu."

Kidevu Juu hakusikia. Jicho lake lilikuwa linazunguka pembezoni mwa picha, kama kawaida yake, kutafuta kinachoharibu. Akakiona chini kabisa. Vilikuwa vidole vya Fundi, vimeshika fremu kwa nje, vinatetemeka kwa uzito.

"Bado?" Fundi aliuliza. Pumzi zake zilikuwa fupi.

"Bado."

"Mkono wangu umeingia?"

"Umeingia."

"Ukitaka niutoe nitashika kwa juu. Ila dirisha litashuka kidogo."

Kioo kilikuwa kimevichukua vile vidole na kuvivuta, vikavuka matanuri, vikavuka mto, hadi vikalala chini ya mlima kama vilima vinne ambavyo hajawahi kuviona, vyenye pati nyeupe kwenye kucha na kovu la zamani la kikatio. Alitazama hadi macho yakamlowa. Nje ya choo mtu wa kwanza kwenye foleni alikohoa.

"Niutoe?" Fundi aliuliza tena.

"Usiutikise," alisema.

Vidole vikatulia. Mlima nao ukatulia juu yake, na mvuke ukawa unapita katikati, mwembamba, ukienda zake.